Kuifuata Motokari ya Gaston Mpaka Kampala

Mama wa kanisa, na weye Mama Béatrice wa ng'ambo ya barabara, mumeniuliza mingi. Mmoja ananisimamisha sokoni na nyanya mukononi, mwingine ananifuata mpaka kwenye bomba ya maji. Nimechoka kusema hii habari vipande vipande, kisha kila kipande kinanirudilia kimeongezwa chumvi. Basi naandika mara moja. Shule yangu iliishia primaire, lakini kuandika najua, na hasira inasaidia mukono.

Wale hawakunijua zamani, wajue hii kwanza. Bwana yangu Gaston alikuwa fundi wa mashine za kusaga na wa motokari. Katika vitu vyote alivyoacha, kimoja tu kiliwasumbua ndugu zake: motokari nyekundu ya Amerika, milango mbili, capot, kifuniko cha mbele, ndefu kama meza ya harusi, moteur ya piston nane. Ilifika Bunia na Mugiriki wa kahawa. Wakati wageni walinyang'anywa mali, ilipewa mukubwa mmoja. Ule mukubwa aliipasua tumbo kwenye mawe ya barabara, akaiacha kwetu, akamwambia Gaston, "Baki nayo." Gaston hakuirudisha vile ilikuwa. Aliinyanyua. Aliiwekea ressorts, zile springi, za Land Rover iliyokufa, akakata mabati juu ya magurudumu ili ya camion, lori kubwa, yaingie, akapandisha bomba ya hewa kando ya kioo ili ivuke maji. Ilipita mahali camion zilikuwa zinalala. Ituri nzima hakukuwa ingine kama ile.

Vita ilipofika, Gaston aliipeleka Tchomia kwa rafiki yake Zakaria, akamuachia vile watu wetu wanaachiana ng'ombe: mwenye kuchunga anakunywa maziwa, lakini ng'ombe inabaki ya mwenyewe. Kisha Gaston aliugua, akafa. Kwetu mujane hafuati vitu vya bwana, ndugu ndio wanafuata. Anselme, mudogo wa Gaston, alienda Tchomia. Alirudi akakaa mbele ya ukoo, akasema, "Zakaria ameniambia motokari ni yake. Aliinunua kwa nyumba ya Gaston."

Nyumba ya Gaston ni nani? Ni mimi.

Tangu siku ile mimi ni muke aliyeuza mali ya ukoo na kuikula peke yake, bwana angali mugonjwa kitandani. Zaidi ya miaka makumi mbili. Nilisema hapana mpaka sauti ikakauka. Na mwaka huu, mujukuu yangu Neema amepata muchumba, baba zake wakubwa na wadogo wakakataa kuketi kupokea ng'ombe zake mpaka nitubu. Mutoto wa watu amekaa na kilio, sababu ya motokari iliyotoka Bunia kabla hajazaliwa.

Ndipo Patrick, mutoto wa dada yangu anayeuza vitenge Kampala, alituma picha kwenye simu. Motokari nyekundu, miguu mirefu. Anselme aliiona, akaja kwangu mbio na fimbo yake. "Hii hapa. Sasa utasema nini?"

Nikamwambia, "Sitasema. Tutaenda, mimi na weye. Vaa viatu."

Kutoka Bunia mpaka Bogoro

Anselme alikuwa mwalimu wa shule. Anavaa kofia hata ndani ya nyumba, na hakuna neno anasema kwa Kiswahili kama analijua kwa Kifaransa. Tulipanda Land Cruiser ya kupeleka sabuni na bia upande wa ziwa, mimi juu ya katoni za sabuni, yeye mbele kwa dereva kwa sababu ya goti lake.

Bogoro walikuwa wamefunga barrière. Kamba tu, na vijana wawili na kiti. Dereva alishuka na kitu kidogo mukononi, mambo yangeisha. Lakini Anselme alifungua dirisha, akaanza kuwaeleza sheria, kwa Kifaransa. Vijana walimusikiliza na heshima yote mpaka akamaliza. Kisha wakaenda kula, wakaacha kamba imefungwa.

Tulikaa kando ya barabara mpaka kivuli cha motokari kikahama upande ingine. Mama mmoja wa pale alituuzia muhogo ya kuchemsha na maziwa ya mugando ndani ya kikombe cha plastiki. Maziwa mazuri, nasema kweli.

"Mama Furaha," Anselme akasema, "ungesema ukweli kule Bunia, saa hii tungekuwa nyumbani."

"Shemeji, kula muhogo yako. Mutu mwenye kinywa kimejaa anasemaka uongo kidogo."

Yule mama aliuliza kama siye ni wa kanisa moja. Nikamwambia ndiyo, na shetani pia anajua Biblia.

Tchomia

Tchomia harufu inakupokea kabla ya watu. Samaki juu ya moshi, samaki juu ya nyavu, samaki ndani ya maneno yao. Niliuliza kwa Zakaria. Mama aliyekuwa anageuza samaki kwenye moto alinitazama toka miguu mpaka kitambaa cha kichwa.

"Zakaria alishakufa, mama. Muke wake na Innocent, mutoto wao, wako ng'ambo, Hoima. Munamutafutia nini?"

"Motokari nyekundu."

Aliweka samaki chini, akacheka mpaka akashika kiuno. "Ile? Ile ilivuka maji. Innocent alifunga mitumbwi mikubwa mbili pamoja, akaweka mbao juu, akapandisha motokari. Yeye mwenyewe alikaa ndani, ameshika usukani. Ziwa nzima ilisimama kumutazama. Tulimuuliza, Innocent, unakata kona wapi?"

Hata mimi nilitaka kucheka. Lakini nilikumbuka kwamba ni kitu cha bwana yangu kinachekewa, nikafunga kinywa.

Tulilala kwa yule mama, kila mutu nyumba yake. Alitupikia samaki mubichi na ugali ya muhogo. Anselme alikula kichwa, akakula na mukia, kisha akaniambia mbele yake, "Unaona vile watu wa hapa ni wema. Huyu Zakaria angesema uongo kwa nini?"

Nilimuacha. Samaki ilikuwa ya watu, sikutaka kuiharibu.

Juu ya ziwa

Mwenye mutumbwi alisema tunaondoka mapema. Mapema yake ilikuwa wakati jua limekwisha kupasha mawe, sababu alikuwa anangojea mbuzi. Mbuzi zilifika, zikapanda mbele yetu, zikapata nafasi nzuri.

Katikati ya maji, upepo ukaanza kutupiga. Kijana wa moteur alitupa turubai moja. "Muzee, funika bibi yako, asiloane."

Nilimwambia huyu si bwana yangu. Akasema pole, hata mimi na bibi yangu tunagombanaka hivyo, mufunike tu. Watu wote wakacheka, na mimi nikakataa turubai. Niliingia Uganda nimeloana kama nguo ya kufua, lakini na jina yangu.

Anselme alitapika kutoka katikati mpaka Sebagoro, bandari ya upande wa Uganda. Nilimushikia kofia. Yeye mwenyewe sikumushika.

Hoima

Kutoka ziwani barabara inapanda mulima mpaka masikio yanazibika. Hoima tuliingia kwenye nyumba ya kula, nikaomba chakula na Kiswahili changu, kwa sauti yangu ya kawaida. Yule musichana aliyekuwa anahudumia alirudi nyuma hatua, akaita tajiri wake. Kumbe kwao mutu mukubwa anayesema Kiswahili kwa nguvu ni askari. Tajiri alikuja akitaka kujua kosa lao ni gani. Nikamwambia kosa ni kwamba nina njaa. Walituletea matoke, ndizi imepondwa kama chakula cha mutoto asiye na meno, na mchuzi wa karanga. Tulikula yote. Walitusindikiza mpaka mulango, na ninafikiri walifurahi vile tuliondoka.

Innocent tulimupata kwenye duka yake ya vipande vya moteur za mitumbwi. Mutu muzima sasa, na tumbo. Alitupokea vizuri, akaleta soda. Nilimuuliza mbele ya Anselme, wazi: ile motokari ilifika kwenu namna gani?

"Baba aliinunua, mama. Kila mutu Tchomia anajua. Alikuwa anasema wazi, hii ni yangu, niliinunua kwa nyumba ya Gaston. Mimi niliiuza kwa mutu wa Kampala, anakusanya motokari za zamani."

"Na mama yako anasema nini?"

"Hayupo, ameenda kwenye kilio Masindi. Alikasirika siku niliiuza, akakaa mwezi bila kunisemesha. Sikujua sababu."

Anselme aliweka soda chini pole pole. "Umesikia? Baba alisema, mutoto amesema. Turudi nyumbani, Mama Furaha. Utubu, tumalize. Hata sitakutukana tena."

Hata hatanitukana tena. Niiandike mara mbili hiyo, na nyinyi musome. Mutu amekukanyaga miaka yote hiyo, kisha anakuahidi atatoa muguu kama utasema shingo ilikuwa yako ya kukanyagwa.

"Weye rudi," nikamwambia. "Mimi nimetoka nyumbani kuiona motokari, nitaiona."

Alinifuata. Aliogopa kufika Bunia peke yake na kuulizwa nimebaki wapi.

Kampala

Patrick alitupokea kwenye kituo cha bus, akatupeleka kwa yule bwana wa kukusanya motokari, anaitwa Sam. Kiwanja chake iko na ukuta mrefu, na ndani motokari za zamani zimefunikwa nguo, zimepangwa kama wagonjwa. Alikuwa na wageni, vijana na simu zao, anawatembeza. Sisi tulisimama nyuma, Patrick anatafsiri.

Akavuta nguo. Ilikuwa yenyewe. Nyekundu mupya, inang'aa kuliko siku ya Mugiriki, lakini miguu ni ya Gaston na bomba ya hewa ni ya Gaston.

Kisha huyo bwana akaanza kueleza ile motokari ilikuwa ya nani. Alisema ilikuwa ya minister wa Kinshasa. Minister aliipandisha juu ili akimbie maadui porini. Siku moja walimupiga risasi, na alama ya risasi iko hapa. Akaonyesha mulango wa kuume, kwenye ukingo, chini kidogo ya kioo. Vijana wote wakapiga picha ya ile alama.

Anselme alinisukuma kando, akawapita vijana, akainama. Aliweka kidole ndani. Si risasi. Ni mukato wenye pembe, umechanjwa na msumeno kisha ukalainishwa na tupa, ni ule ule tunakataka kwenye sikio la kuume la kila ng'ombe ya ukoo wao, tangu babu yao. Gaston aliukata siku aliyoipeleka Tchomia. Nilikuwa nimesimama pale, nilimuuliza kama amepata wazimu. Alisema, ng'ombe inaenda kwa mwenzako na alama yake.

Nikamwambia Anselme, "Sasa unaona. Mutu anatia ng'ombe alama akiiuza, ao akiiachia mwenzake?"

Alitoa kidole. Kisha akasema, "Hii inaonyesha ilikuwa ya Gaston. Haionyeshi kwamba haukuuza nyuma yake."

Mungu anajua nilibaki na nguvu gani nisimupige na mufuko.

Nilienda kwa huyo Sam, nikamwambia kupitia Patrick kwamba hakuna minister. Ilikuwa ya Mugiriki, ikapita kwa mukubwa mmoja aliyeipasua, ikawa ya fundi Gaston aliyeinyanyua na mikono yake. Binti yangu Furaha alizaliwa kwenye kiti cha nyuma, mvua inanyesha, tunaenda hospitali, Gaston anaendesha na kuimba nyimbo za kanisa ili nisisikie maumivu.

Patrick alitafsiri. Sam alipiga mikono, akawageukia vijana wake na furaha kubwa, akasema maneno mingi. Nikauliza Patrick amesema nini. Patrick alitazama chini.

"Mama mudogo, anasema... anasema huyu ndiye mama aliyezaa na minister."

Hapo nilisema, na sikungojea tafsiri. Nilisema mimi ni muke wa ndoa ya kanisa. Nilisema bwana yangu alitengeneza mashine za kusaga, vijiji mingi vilikula ugali kwa mikono yake, na kama hiyo ni habari ndogo kwa wageni wake, warudie minister wao bila motokari. Wale vijana hawakusikia neno, lakini walishusha simu.

Sam si mutu mubaya. Alileta kiti, alileta chai ya maziwa na mandazi. "Mama," akasema, "nitasema ya bwana yako. Lakini watu wanapenda minister. Niseme minister kwanza, kisha fundi?"

Nikamwambia aseme fundi tu, ao asiseme kitu. Kuichukua, siwezi. Yeye aliinunua wazi, na mutoto aliyeuza aliamini ni ya baba yake. Nikaigusa capot, ilikuwa na joto ya jua. Nikaenda.

Kurudi, Hoima tena

Bus iliharibika njiani, tukasimama kwenye mashamba ya miwa mpaka ingine ikaja.

Mama Innocent alikuwa amerudi kutoka kilio. Muzee sasa kama mimi, na macho yana ukungu. Tulipoingia aliuliza nani. Nikasema, "Ni mimi, muke wa Gaston." Alinyoosha mikono, akanishika uso.

"Umekawia," akasema. "Nimekungojea weye miaka yote. Kwa nini haukuja?"

"Ndugu za bwana walikuja mahali pangu."

"Ndugu gani?"

"Huyu. Anselme."

Aligeuza kichwa kumutafuta. "Ni weye ulikuja na kofia?"

Anselme akasema ndiyo.

"Uliingia kwetu na watu wanne wenye bunduki."

"Barabara ilikuwa mubaya, mama," Anselme akasema. "Niliomba wanisindikize. Walikuwa marafiki tu."

"Marafiki zako, si zetu. Walikuwa wanachukua kila kitu chenye magurudumu, hata baiskeli. Umesimama mbele yao, unauliza na sauti ya mwalimu, motokari ya Gaston iko wapi? Mali ya mutu asiyekuwapo. Zakaria angesema nini? Mwenye kuchungia mutu ng'ombe, wanyang'anyi wakifika, anasemaka, ni yangu. Akisema ni ya mwingine, hawana wa kumuogopa, wanabeba. Weye ni mutu wa ng'ombe, haujui hiyo?"

Anselme alijua. Kila mutu kwetu anajua. Nilimuona anajua.

"Alisema aliinunua kwa nyumba ya Gaston," akaendelea, "sababu uliuliza aliipata wapi, na wale wa bunduki walikuwa wanasikiliza. Ulipoondoka alilia. Alisema, nimemusema muke wa rafiki yangu, lakini atakuja, nitamuambia. Kisha tukakimbia, akafa huku. Aliniambia nisimuambie mutu yeyote mwingine, hata Innocent, mpaka muke wa Gaston aje mwenyewe. Innocent akaiuza nikiwa safari. Nisamehe."

Niwaambie ukweli, sikufurahi. Nilifikiri siku nitakaposikia hayo maneno nitaruka. Nilikaa chini kwenye saruji. Miaka yote, na ilikuwa ni bunduki nne za marafiki wa Anselme. Hakuwahi kuzitaja. Alipotusimulia pale mbele ya ukoo, alitaja goti lake, alitaja mashimo ya barabara, alitaja samaki aliyopewa. Bunduki hapana.

Innocent alitaka kunipa ng'ombe, ndiyo kawaida kwa aliyepoteza ng'ombe ya mwingine. Nilikubali, na nikamwambia aipeleke kwa Neema, si kwangu.

Bunia

Kwenye mutumbwi wa kurudi, Anselme alisema, "Mama Furaha, tukifika, nitawaambia ndugu kwamba kulikuwa malentendu, hatukuelewana tu. Itatosha."

"Haitatosha."

"Unataka nini tena? Nimuue Zakaria aliyekufa?"

"Nataka useme vile ulisema siku ile. Kwa sauti ile, mbele ya watu wale, umesimama. Ulisema mimi niliuza. Sasa sema mimi sikuuza. Na useme ulienda na nani."

Jumapili baada ya ibada, ukoo ulikaa kwa Anselme. Viti viliazimwa. Alisimama, akaanza na Kifaransa, akazunguka ziwa yote, akafika kwenye matoke, akafika kwenye mashamba ya miwa. Nilikohoa. Akatoa kofia. Mbele ya ukoo sikuwahi kuona kichwa chake toka mazishi ya Gaston.

"Nilisema Mama Furaha aliuza motokari," akasema, Kiswahili tupu. "Hakuuza. Gaston alimuachia Zakaria aichunge. Mimi nilienda na watu wa bunduki, ndiyo Zakaria alificha. Nilijua nilienda nao. Sikuwaambia."

Dada yake mukubwa, yule ambaye alikuwa ananipita sokoni kama ninanuka, alianza kulia. Muchungaji, kijana muzuri, alisimama haraka, akasema sasa tuombe, mama amusamehe ndugu yake hapa hapa.

"Ombeni," nikamwambia. "Mimi nitasema amina siku yangu ikifika. Leo nitapika chai."

Nilipika. Walikunywa. Wiki hii wanaume wa ukoo wataketi kwa Neema, Anselme mbele yao, na hakuna mutu amethubutu kuuliza kitu.

Basi mama zangu, hii ndiyo yote. Motokari iko Kampala, na mutu akiwauliza habari yake, semeni vizuri, musiongeze chumvi. Ilikuwa ya Mugiriki. Ikawa ya mukubwa mmoja, akaivunja. Ikawa ya Gaston, aliyeinyanyua. Zakaria akaichunga mpaka kufa kwake. Innocent akaiuza bila kujua. Sam akainunua. Mutafute jina yangu mahali popote kati ya wale waliouza. Haiko.